Barafu ikishaondoka huacha nini: mwongozo kamili kwa sie watu wa Mombasa tunaoijua barafu ya friji tu

Kila mwaka nikifika mada ya barafu kwenye tuition yangu hapa Majengo, darasa huwa kama matanga. Watoto wamezaliwa hapa, wamekulia joto la kaskazi, barafu wanayoijua ni ile ya pakiti inauzwa dirishani kwa jirani, sasa wewe unakuja kuwaambia ati kuna mto wa barafu unatembea, unachonga mlima, halafu unayeyuka unaacha vilima vya majina kumi na tano. Basi hushika majina kama kasuku, ukiwaambia wachore, eska iko juu ya mlima na moreni iko baharini. Siwalaumu, manake hata mie nilisoma hivo hivo nikapasi na sikuelewa kitu mpaka siku niliposimama Mlima Kenya nikaona kwa macho yangu. Sasa nawaandikia vile ninavyofundisha siku hizi, hatua kwa hatua, na vitu vingi utavipata jikoni kwenu.

Kabla hujaanza weka neno moja kichwani. Barafuto ni ule mto wa barafu wenyewe, theluji iliyorundikana miaka na miaka ikajibana ikawa barafu ngumu, na kwa uzito wake inateremka polepole. Tukisema imerudi nyuma usidhani inageuka inapanda mlima, la. Barafu yaendelea kushuka kila siku, ila ile ncha ya chini inayeyuka haraka kuliko inavyoletewa barafu mpya, kwa hivo mwisho wake unasogea juu. Hili dogo hili ndilo linalowapoteza wengi.

HATUA YA KWANZA: uliza nani aliyeacha hapa

Swali ni moja tu, ni barafu ama ni maji? Ukilijibu hili nusu ya mada imekwisha.

Barafu haichagui. Inapakia chochote, jiwe kubwa kama friji, kokoto, na unga wa mawe laini kama poda ya mtoto, vyote pamoja, na ikiyeyuka inaviangusha pale pale vimechanganyika. Ule mchanganyiko unaitwa tili. Ukichimba tili unakuta mawe yana kona kona yamekaa ndani ya tope bila mpango, mengine yana mikwaruzo ya kusuguana.

Maji yana adabu zake. Yakienda mbio hubeba hata kokoto, yakipunguza mwendo huangusha kubwa kwanza, halafu mchanga, tope mwisho kabisa. Ni kama mama na ungo wake, mchele huku, chenga huku, pumba kule. Na safarini mawe huviringika yakawa mviringo. Kwa hivo ukikuta tabaka tabaka, mchanga peke yake na kokoto peke yake, hapo barafu ilishayeyuka na maji yake ndiyo yaliyofanya kazi.

HATUA YA PILI: sinia

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na usiiruke, hata kama wewe ni mtu mzima na unaona haya.

Chukua kopo tupu la aiskrimu la lita 2. Tia chini mchanga na kokoto ndogo na udongo kidogo, unene wa vidole viwili, mimina maji mpaka nusu, weka friza usiku kucha. Kesho yake ongeza maji mpaka juu, rudisha tena. Ukijaza yote siku moja huchelewa kuganda katikati, na stima ikipotea umerudi mwanzo. Usitumie maji ya bahari ati kwa sababu yako karibu, chumvi huifanya barafu iwe laini na friji ya nyumbani itahangaika nayo bure. Mchanga wa pwani si mbaya ila uoshe kwanza.

Ikishaganda tafuta kipande cha sabuni ya kufulia. Shika ile barafu, upande wa mchanga chini, ibonyeze kwenye sabuni uivute kuelekea upande mmoja. Tazama sabuni. Ile mistari yote inayoelekea upande mmoja ndiyo mikwaruzo ya barafu, na wanajiolojia huitumia kujua barafu ilipita njia gani maelfu ya miaka iliyopita. Wanafunzi wangu hili likishawaingia huwa wanakimbilia kuchora mishale, na hapo nawakatiza. Mistari peke yake yakupa njia, haikwambii barafu ilitoka mwisho upi wa ile njia, kama alama ya matairi barabarani. Jibu la pili linatoka kwenye maumbo mengine, nitafika.

Sasa tandaza mchanga wenye unyevu kwenye sinia kubwa, inua upande mmoja kwa kitabu. Weka barafu upande wa juu uisukume polepole, kama sentimita kumi. Mbele yake patainuka tuta la mchanga, hilo ni moreni ya mwisho, alama ya pale barafu ilipofika ikakoma. Pembeni kutabaki matuta mawili, moreni za pembeni. Ivute nyuma kidogo, kuigiza tu ile ncha ikiyeyuka, isukume tena lakini isifike kwenye tuta la kwanza, utapata tuta la pili ndani yake. Hayo matuta yanayofuatana ndiyo ratiba ya barafu kurudi nyuma, kila tuta ni mahali ilipopumzika.

Halafu iache iyeyuke. Usiiguse, nenda kaswali urudi. Mchanga uliokuwa ndani unashuka chini bila mpango, tili hiyo, na maji yanatoka mbele yanatoboa lile tuta yanatandaza mchanga mwembamba upande wa chini wa sinia kama feni. Hapo umetengeneza uwanda wa mchanga wa mbele ya barafu. Kule Iceland wanao mmoja unaitwa Skeiðarársandur, mkubwa hadi ukiutazama toka juu mito yake inaonekana kama nywele zilizosukwa zikafumuka.

La mwisho kwenye sinia. Chukua vipande vidogo vya barafu safi, vizike kwenye mchanga vifunike, subiri. Vikiyeyuka mchanga unadidimia, unabaki na mashimo ya mviringo. Kizungu chake ni kettle, yaani birika, jina ambalo huwachekesha watoto manake lile shimo lafanana zaidi na sufuria kuliko birika. Kwenye ardhi halisi ni mabonge makubwa ya barafu yaliyokatika yakazikwa na mchanga wa maji, yakayeyuka baadaye, na mashimo mengi yakajaa maji yakawa maziwa. Walden Pond kule Massachusetts ni mojawapo.

HATUA YA TATU: vilima vinavyochanganya watu

Eska na moreni zote ni matuta, kwa hivo watu huzichanganya. Moreni ya mwisho hukatiza bonde kama ukuta wa mtu aliyejenga mlango wa boma. Eska yenyewe yajipinda pinda kama nyoka kufuata njia ambayo barafu ilitoka, kwa sababu ulikuwa mto ndani ya handaki chini ya barafu, ukajaza mchanga na kokoto, paa likayeyuka, kitanda cha mto kikabaki juu kimesimama. Rudi kwenye swali letu: chimba eska utakuta mawe mviringo yamepangwa, chimba moreni utakuta vurugu. Finland wana moja nzuri sana ya Punkaharju, yapita katikati ya maziwa, kama kilomita 7, na watu wamepitisha barabara juu yake. Eska ya kwenye sinia nimejaribu mara nne sijaipata, basi naichora tu.

Drumlini ni kilima kirefu kama mashua iliyopinduliwa ufukweni ikapakwa deheni. Huwa kwa makundi, zote zaelekea upande mmoja. Upande mnene wenye mteremko mkali ndio ulioelekea barafu inakotoka, na mkia mwembamba ndio kule ilikokuwa yaenda. Ireland zipo nyingi ajabu, hata neno lenyewe limetoka kwao, na kwenye ghuba ya Clew Bay bahari imeingia baina yake zikawa visiwa.

Sasa angalia mtego. Kuna mwamba unaoitwa roshi mutone, nao ni kama kibyongo, lakini ni jiwe tupu na umekaa kinyume. Upande ulioelekea barafu inakotoka ni laini umesuguliwa, na upande wa pili ni mkali umevunjika vunjika, kwa sababu barafu ilipoupita ilijigandisha kwenye nyufa ikang'oa mapande. Mtihani ukiwekwa picha mbili hizi bila majina, nusu ya darasa huanguka. Mie nawaambia hivi: drumlini ni udongo na uso wake ni mnene, roshi mutone ni mwamba na mgongo wake ndio umevunjika. Ukipata kimoja kati ya hivi pamoja na ile mikwaruzo, hapo ndipo unajua barafu ilitoka upande gani, ile habari ya matairi niliyoacha kiporo.

Jiwe mgeni ni rahisi, jiwe la aina ambayo haipo pale lilipo, limebebwa na barafu likatelekezwa. La Okotoks kule Alberta, Kanada, linakadiriwa tani 16,500 na lilitoka kwenye milima ya Rocky mbali huko. Kwa lori la tani 30 hizo ni safari 550, na barafu ililibeba bila kuomba risiti. Kemu ni vilima vya mchanga wa maji ulioangukia kwenye mianya ya barafu, havina umbo la kueleweka, usipoteze usingizi kwavyo.

HATUA YA NNE: panda juu, maana kule ilikuwa inakata

Chini barafu iliangusha mizigo, juu ilikuwa fundi wa patasi. Anza na sirki, ile bakuli kubwa ubavuni mwa mlima. Ifikirie kama kochi la sebuleni, mgongo nyuma, mikono pembeni, na pale pa kukalia pamechimbika, mbele kuna kizingiti kidogo. Barafu ikiondoka maji hukaa pale, ziwa dogo hilo linaitwa tani. Sirki mbili zikichimba mgongo kwa mgongo, katikati hubaki ukuta mwembamba kama makali ya upanga, areti. Tatu au zaidi zikizunguka mlima, kileleni hubaki pembe, kama Matterhorn kule Uswisi.

Bonde la mto wa kawaida huwa kama V, barafu huligeuza likawa U, chini tambarare na kuta zimesimama. Vijito vya pembeni vilikuwa na barafu ndogo zisizo na nguvu ya kuchimba sana, basi mabonde yao yalibaki juu yananing'inia, na leo maji yanaporomoka toka huko. Ukiona poromoko linatokea ukutani katikati ya bonde la U, ndio hilo.

HATUA YA TANO: nenda Mlima Kenya, ukiweza

Hili si jambo geni kwetu. Krapf na Rebmann, wale wamisionari wa Kijerumani, walikuwa wakiishi Rabai hapo juu tu. Rebmann alipoiona Kilimanjaro mwaka 1848 akauliza kile cheupe ni nini, kiongozi wake akamjibu anadhani ni baridi, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wataalamu waliokaa London wakabisha, ati theluji kwenye ikweta haiwezekani. Mwaka 1893 Gregory, mwanajiolojia Mwingereza, akafika kwenye barafu yenyewe, na akatambua moreni za zamani mbali chini ya barafu ya wakati wake, kwa hivo akajua zamani ilikuwa kubwa zaidi. Alisoma matuta tu, kama vile wewe na sinia lako.

Panda treni ya SGR Miritini mpaka Nairobi, halafu matatu ya Nanyuki. Ushauri wangu ni kupandia njia ya Sirimon na kushukia Chogoria, manake mabonde mazuri utayaona yote bila kurudia njia. Na msikilize mtu aliyekosea: mara yangu ya kwanza nilitoka mita sifuri, siku ya tatu niko mita 4,200, kichwa kikawa kama kinapigwa nyundo na chakula hakikai. Sie wa pwani twahitaji siku zaidi. Lala Nanyuki usiku mmoja, lala kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300 usiku mbili kama mfuko unaruhusu, kunywa maji, na kichwa kikizidi pamoja na kutapika teremka, usijifanye jogoo. Chukua mwongoza njia wa huko, na koti la kukodi, lile jaketi lako la mvua za masika halitoshi hata kidogo.

Ukitoka Old Moses kwenda kambi ya Shipton's unaingia bonde la Mackinder. Simama hapo, tazama kuta pembeni na chini palivyotandazika, hiyo U si ya kitabu tena. Juu yako kuna vilele viwili, Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188. Watu huandika kuwa ni pembe na basi, lakini kwa haki ya Mungu ule ni moyo wa volkano ya kale uliogandia ndani, barafu ikaja kuuchonga pembeni. Andika yote mawili, mwalimu yeyote anayejua kazi yake atakupa maksi.

Ukienda kilele cha Lenana, mita 4,985, utaona barafuto ya Lewis, au kilichobaki. Ujazo wake ulipungua kwa karibu asilimia 90 baina ya 1934 na 2010. Usipande juu ya barafu yenyewe, itazame ukiwa mbali, manake somo liko chini yake: mawe tupu, hayana hata jani, vumbi la kijivu, na vidimbwi vya maji nyuma ya matuta. Halafu ukishuka angalia vile rangi inabadilika. Karibu na barafu hakuna kitu, mbele kidogo mawe yana madoa ya kijani na machungwa, mbele zaidi majani, halafu udongo na mimea mikubwa ya mlimani. Unatembea kwenye wakati, moreni mbichi juu na nzee chini. Moreni ya chini kabisa iko kama mita 3,300, na barafu ya leo haishuki chini ya mita 4,600, sasa piga hesabu mwenyewe barafu imepanda kiasi gani.

Upande wa Chogoria pitia Hall Tarns, halafu sogea ukingoni pale Temple, taratibu na usisukumane na mtu. Chini yako ni ziwa Michaelson ndani ya bonde la Gorges. Ziwa, kuta, ngazi za mwamba, vyote mahali pamoja. Mie nilikaa pale mpaka mwongoza njia akaniuliza kama naumwa.

Huna nauli? Fungua Google Earth kwenye simu, nenda huko huko, inamisha picha usiitazame toka juu kama ramani. Tafuta mabonde yanayotoka kileleni kama spoku za baiskeli, halafu tafuta matuta yanayoyakatiza. Ukimaliza hapo nenda Clew Bay uhesabu mashua zilizopinduliwa.

HATUA YA SITA: rudi nyumbani, kuna kitu Kilindini

Hapa barafuto haijawahi kufika, tuelewane. Lakini enzi barafu ilipokuwa kubwa duniani, miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi yalifungwa kule hadi bahari ikashuka kama mita 120. Mwamba wetu wa matumbawe, ule unaouona Mama Ngina pale Laitihausi ukila mihogo, ulikuwa uko nchi kavu mbali na maji, na mito yetu ikachimba mabonde kuifuata bahari. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda ikayajaza mabonde. Kilindini, Tudor, Mtwapa, Kilifi, zote ni mabonde ya mito yaliyozama, na jina Kilindini lenyewe limetoka kwenye kilindi, maji marefu. Bila yale mayeyuko meli zingetia nanga wapi?

Lakini usiseme ni fiodi. Fiodi ni bonde la U lililochongwa na barafu halafu bahari ikaingia, kama Sognefjord ya Norway yenye kina cha mita 1,308, kuta zimesimama na mara nyingi kuna kizingiti cha mwamba mdomoni. Yetu ni ria, yaani bonde la mto lililozama, ina matawi kama mti na mikoko pembeni.

Na kule barafu ilikokaa hasa, nchi yenyewe yainuka. Ni kama godoro mtu mnene akishaamka, linapanda polepole. Ghuba ya Bothnia baina ya Sweden na Finland kuna sehemu hupanda karibu milimita 9 kwa mwaka, kwa hivo visiwa vipya hutokea na bandari za zamani hukauka. Bahari imetuingia sisi, wao imewakimbia.

Mtihani ukikaribia, wape watoto picha bila majina, wajibu kwa mpangilio huu: juu au chini, imekatwa au imeangushwa, kama imeangushwa ni barafu ama ni maji, na mwisho ndiyo jina. Aliyeanza na jina mrudishe.

Na ule mchanga wa kwenye sinia usiumwage sinki. Mie niliumwaga, bomba likaziba, na kwa wiki mbili mama watoto alikuwa akiliita sinki letu moreni.